UZI: Nilidaiwa shilingi 380,800 nikawa mtu wa vichochoroni hapa Lamu. Hivi ndivyo nilivyotoka

#1 Mwanamashua

Asalaam aleikum ndugu zangu. Haya nimeyaweka moyoni muda mrefu. Leo kusi imekaza, mashua iko juu ya mchanga, nina nafasi ya kuyaandika.

Mimi ni nahodha wa mashua ya wageni. Nawapeleka Manda Toto kutazama samaki, kwenye magofu ya Takwa maji yakijaa, na jioni tunazunguka mkondo wa Shela jua likizama. Kazi hii ni ya msimu. Disemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, pesa ipo. Julai na Agosti ipo kiasi. Aprili, Mei na Juni ni mvua na bahari nzito, hoteli nyingine hufunga kabisa. Liwekeni hili akilini, nitalirudia.

Oktoba 2019 nilikopa 200,000 kwenye sako, chama chetu cha akiba na mikopo, nikaongeza akiba yangu, nikanunua mashini ya nguvu za farasi 15. Wadhamini walikuwa wawili: rafiki niliyesoma naye chuoni kwa maalim mmoja, na ami yangu, mdogo wake baba. Kaskazi ile nililipa bila shida. Machi 2020 ikaja korona. Tarehe 25 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, siku mbili baadaye kafyu. Gatini pakawa kimya, mashua zimefungwa ubavu kwa ubavu. Lakini mwisho wa mwezi wa sako ulikuwa ule ule.

Nikaanza kukopa ili nilipe deni. Nilipakua programu ya mikopo kwenye simu, nikapata 3,000. Siku ya kulipa ilipofika nikafungua ya pili nilipe ya kwanza, kisha ya tatu. Zikafika tano. Halafu nikaenda kwa shailoki, mkopeshaji wa riba wa mtaani, nikachukua 30,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi nilimpa 6,000. Miezi saba nimempa 42,000, na ile 30,000 iko pale pale, haijapungua hata shilingi.

Mke wangu alikuwa kwenye mchezo, ule wa kuchangiana pesa kwa zamu, na wanawake wa mtaani. Zamu yake ilikuja mapema, nikamwomba pesa zile "kwa siku kumi tu". Sikurudisha, na michango ya wenziwe ikakwama. Kisha nikamwomba bangili zake mbili za dhahabu alizovishwa siku ya harusi. Alizivua bila neno, akanipa zimefungwa kwenye leso. Sonara alinipa 65,000. Zilikwisha kwa wiki mbili.

Kwa asiyeijua Lamu: mji huu hauna gari la kukupitisha ukiwa umefunga vioo. Kuna njia ya pwani, kuna Usita wa Mui, njia kuu ya ndani ya mji, na baki yake ni vichochoro ambavyo ukikutana na punda mwenye mzigo itabidi ujibanze ukutani. Kila nyumba ina baraza na kila baraza lina watu wake. Nilijua saa za mabaraza yote. Nilijua mwenye duka ninayedaiwa 17,300 huingia ndani saa ngapi kula. Nilijua shemeji yangu, ambaye alinikopesha 50,000, hukaa baraza gani baada ya laasiri. Safari ya dakika nne kutoka nyumbani hadi gatini ilinichukua robo saa.

Msikitini nikahamia safu ya mwisho, karibu na mlango, ili imamu akitoa salamu niwe wa kwanza kuvaa viatu. Nilikuwa mtu wa safu ya kwanza tangu nikiwa kijana. Hakuna aliyeniuliza, na nadhani wote walijua.

Usingizi ulikatika. Nilikuwa nikiamka saa nane za usiku nikihesabu, na hesabu ya usiku haina faida kwa sababu haiandikwi popote. Presha ikapanda. Niliwakemea wanangu kwa makosa ambayo si makosa. Binti yangu mdogo aliniomba shilingi 20 ya mabuyu, nikampigia kelele mpaka akajificha nyuma ya mlango. Hilo sijalisahau, na sitaki kulisahau.

Simu nayo. Mawakala wa programu moja waliingia kwenye majina yangu ya simu, wakampigia mwalimu wa mwanangu wakamwambia mimi ni mwizi. Nikaanza kuzima simu mchana. Sasa oneni deni linavyofanya kazi yake: wiki moja ya Disemba 2021 hoteli moja ilinitafuta siku mbili kwa ajili ya wageni saba, kazi ya 28,000. Simu imezimwa, kazi ikaenda kwa mwingine. Nilikuwa nimejificha na deni, nikajificha na riziki pia.

Nitaendelea baada ya magharibi.

#2 binti_Langoni

Kaka, nimesoma nikasimama kwenye ile leso. Sisi wanawake wa mchezo tunalijua hilo vizuri. Mtu asipotoa, mwenye aibu ni yule mke anayekutana na wenzake kisimani na kwenye harusi, mume hayuko pale. Je, mkeo alijua madeni yote au alijua lake tu?

#3 Mwanamashua

Dada yangu, alijua lake tu. Kila mtu alijua lake tu.

Oktoba 2022 alifariki jirani yetu, mzee wa watu. Tulipokwisha kumsalia, kabla jeneza halijainuliwa, mwanawe alisimama akasema maneno tunayoyasikia kila siku: mwenye kumdai marehemu ajitokeze kwetu sisi wanawe, na mwenye kudaiwa naye pia aje. Nimeyasikia tangu utotoni. Siku hiyo yalinipiga kifuani. Nikaanza kuhesabu ni wangapi wangemwendea mwanangu wa kiume, ambaye alikuwa na miaka 11.

Na kule nyuma nilikosimama nikakumbuka hadithi ya yule maiti aliyeletwa mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie, akauliza kama ana deni. Aliposikia liko, akawaambia masahaba wamsalie wao, mpaka Abu Qatada aliposema deni lile ni juu yake.

Usiku ule nilimwambia mke wangu kila kitu. Nilichukua daftari la mwanangu la hesabu nikaandika mbele yake: sako 140,000. Shailoki 30,000. Simu, zote tano, 38,500. Duka 17,300. Mchezo 40,000. Shemeji 50,000. Jumla 315,800. Yeye akachukua kalamu akaongeza mstari wa mwisho kwa mkono wake: bangili 65,000. Ikawa 380,800.

Nilidhani atalia, na kweli alilia, lakini si kwa ile jumla. Alilia kwa kuwa kaka yake alikuwa miongoni mwa wanaonidai na mimi sikumwambia. Kisha akasema, "Mficha uchi hazai. Kesho tunaanza kwa ami."

#4 Mpita_Njia

Pole sana ndugu. Lakini hayo madeni ya simu ungebadilisha laini ukasahau. Watu wengi wamefanya hivyo na wanaishi.

#5 Mwanamashua

Nilifikiri hivyo pia, sikulaumu. Lakini laini yangu ndiyo namba iliyo kwa kila hoteli na kila mgeni aliyewahi kupanda mashua yangu. Nikiitupa nimetupa kazi ya miaka 14. Na hata ingekuwa si hivyo, mkopo ule haukuandikwa kwa jina la laini, umeandikwa kwa kitambulisho changu.

Tena deni nililochukua kwa hiari ni deni. Riba ina hesabu yake, lakini ile asili, pesa yenyewe niliyokopa, nimeila mimi na watoto wangu.

Niendelee kwa ami. Barua ya sako ilikuwa imemfikia wiki tatu kabla: wataanza kukata akiba yake kwa kuwa mimi silipi. Ile akiba alikuwa anaiweka kwa safari ya Umra. Wiki tatu tulikuwa tukisali msikiti mmoja na hakunitajia. Nilipoingia kwake na mke wangu alikuwa ameketi upenuni, barua iko chini ya mto. Akasema, "Nilikuwa nakungoja uje mwenyewe." Siwezi kuandika zaidi juu ya mazungumzo yale. Lakini yeye ndiye aliyesema neno ambalo mimi singelikubali kutoka kwa mwingine: uza mashini.

Nilikataa siku mbili. Mashini ndiyo iliyonifanya nionekane nahodha wa maana. Kuivua nyuma ya mashua mchana kweupe, mbele ya mabaharia wote wa gatini, ilikuwa kama kuvuliwa nguo. Niliuza 130,000. Siku ile ile 100,000 ikaenda sako, na ami akasimama nami kwa meneja, wakakubali kuyapanga upya yale 40,000 yaliyobaki.

Elfu 30 iliyobaki nilikwenda nayo kwa shailoki, pamoja na mzee mmoja anayeheshimika mtaani. Tulimwambia: hii ni asili yako yote, na riba umekwisha kula 42,000. Mwezi ujao hutapata 6,000 kwa sababu hazipo. Alibishana kwa saa nzima. Mwisho alichukua, akanirudishia kitambulisho changu. Ndiyo, alikuwa amekishika. Nilikuwa natembea bila kitambulisho karibu mwaka.

Nikarudi kwenye tanga. Baba yangu alikuwa mtu wa tanga, mimi nilikuwa nimeliacha lioze kwenye dari. Wageni wa jioni hawakujali mashini hata kidogo, na sikununua tena petroli.

#6 karani_mstaafu

Nimefanya kazi ya mikopo miaka mingi kabla ya kustaafu, niongeze machache kwa faida ya wanaosoma.

Tatizo la mikopo ya simu ni kuwa ada huonekana ndogo. M-Shwari, mkopo wa kupitia M-Pesa, ilipoanza Novemba 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukikopa 10,000 unarudisha 10,750, na hilo kwa dharura moja halimwui mtu. Lakini ukiizungusha mwezi baada ya mwezi kwa mwaka mzima, umelipa 9,000 ya ada na 10,000 bado inakungoja. Ukiwa na mitano inayolipana yenyewe kwa yenyewe, hesabu hiyo izidishe mwenyewe.

Lile la kumpigia mwalimu wa mtoto: tangu Machi 2022 kuna kanuni za Benki Kuu ya Kenya kwa wakopeshaji wa kidijitali. Zinakataza vitisho, matusi, na kuwapigia watu walio kwenye simu ya mdaiwa ili kumwaibisha. Mkopeshaji lazima awe na leseni, na majina ya walio nayo Benki Kuu huyatangaza. Kabla hujajibu simu ya mtu anayekutukana, tazama kama yumo. Kuna pia Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na malalamiko kwa Kamishna wa Data hayalipiwi. Piga picha kila ujumbe wa matusi, uweke.

CRB, wale wanaoweka rekodi za wakopaji, isiwatishe kupita kiasi. Tangu Aprili 2020, deni lililo chini ya shilingi 1,000 halipelekwi huko kama deni baya. Na kila Mkenya ana haki ya kupata ripoti yake moja bure kila mwaka. Ichukueni. Nimeona watu wanaodaiwa na mahali walikokwisha kulipa.

Na kwa deni la benki lililokwama, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka kikomo: riba inayodaiwa baada ya mkopo kukwama haiwezi kuzidi asili iliyokuwa imebaki siku ile. Wengi hulipa kupita hapo kwa kutojua.

#7 Mwanamashua

Mzee wangu, Mungu akuzidishie. Hilo la ripoti lilinisaidia: kati ya mikopo yangu mitano mmoja ulikuwa wa benki, 9,000. Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango wa benki kuwapunguzia nusu wenye mikopo ya simu iliyokwama, mwisho Mei 2023. Nililipa 4,500 likafutika. Kama ningekuwa bado nimezima simu nisingejua kama kitu hicho kipo.

Sasa nije kwenye lile nililowaambia mliweke akilini.

Kila aliyenikopesha alitaka kila mwezi, au kila Ijumaa. Na mimi kila mara nilisema ndiyo, kwa sababu mtu mwenye haja husema ndiyo. Halafu Mei inafika, sina, nakopa kwa mwingine. Riziki yetu sisi wa pwani haiji kwa mwezi, inakuja kwa upepo. Basi nilimwendea kila mmoja, mke wangu yuko kando yangu, na daftari mkononi, nikasema hivi: Aprili, Mei na Juni usinidai, nitakuletea 500 tu ya kuonyesha niko. Kaskazi nitakupa kikubwa, na wewe ni wa pili katika orodha, au wa nne. Nilimwonyesha orodha yote, jina la mbele yake na la nyuma yake.

Niliogopa kuwa wa nyuma watakasirika. Mwenye duka alivaa miwani akasoma, akasema, "Kumbe si mimi pekee." Alikuwa akidhani nimemdharau yeye. Miaka miwili alikuwa na uchungu huo, na mimi nilikuwa nampita kwa nyuma nikidhani anataka pesa tu. Kisha akafungua ukurasa mpya akaandika tarehe za msimu, tukatia sahihi wote wawili. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Baqara 282, inazungumzia kuandika deni na kuweka mashahidi, na sisi tunaoisoma tunakopeshana kwa mdomo.

Wa kwanza kwenye orodha walikuwa wanawake wa mchezo. Si kwa sababu walikuwa wakali. Ile ilikuwa pesa ya mandazi na ya ukili, na heshima ya mke wangu ilikuwa ndani yake. Machi 2023 walikuwa wamekwisha, na duka pia. Simu zilikwisha Agosti. Sako Januari 2024. Shemeji nilimaliza naye Agosti 2024, akataka kunisamehe 10,000 ya mwisho, dada yake akamkatalia.

#8 Mvuvi_Mayungu

Wakuu, mimi niko huku Malindi, upande wa Mayungu. Nimesoma uzi huu mara tatu. Deni langu halina daftari wala simu. Tajiri alinipa nyavu na boksi la barafu, kusi ikija hunipa pesa ya unga kwa sababu hatuwezi kutoka nje ya mwamba. Samaki wangu wote nampa yeye, bei anapanga yeye, na kila kilo anakata kitu. Huu ni mwaka wa sita. Nikimwuliza limebaki ngapi anasema "bado". Siwezi kumwuzia mwingine hata akinipa bei nzuri. Mke wangu ananiambia mimi ni mtumwa na sina jibu la kumpa. Nifanye nini? Nikimkasirisha nani atanipa unga mwezi wa Juni?

#9 binti_Langoni

Ndugu yangu, marehemu baba yangu alikuwa na tajiri pia, na hofu ya huo unga ndiyo iliyomshika maisha yake yote. Usigombane naye. Lakini usikubali tena hilo neno "bado". Bado si namba.

#10 Mwanamashua

Kaka, nimekaa na swali lako usiku mzima.

Mimi naona umebebeshwa vitu viwili vikafungwa kamba moja: deni, na bei ya samaki. Maadamu viko pamoja hutajua kimoja kinaishia wapi. Mwombe kitu kimoja tu, namba ya leo. Nyavu zilikuwa bei gani, boksi bei gani, unga wa kila kusi ngapi. Jambo hilo si la matusi, hata yeye ana mrithi wake atakayetaka kujua. Nenda wakati samaki wapo, si wakati una njaa. Nenda na mtu anayemheshimu, mzee wa bandarini au kiongozi wa kikundi cha kusimamia ufuo. Namba ikipatikana, iandikwe, na kila siku kinachokatwa kiandikwe kando yake, tarehe na kilo.

Na wewe mwenyewe anza leo, kabla hujamwona. Nunua daftari la shilingi 30, andika kila kilo unayompelekea. Hata akikataa kusema lake, utakuwa na lako.

La unga wa Juni sina jibu rahisi. Mimi na mke wangu tulianza kuweka 100 kila siku ya kazi wakati wa kaskazi, kwenye mkebe wa maziwa, na hatuufungui kabla ya Aprili. Mwaka wa kwanza ulitupeleka wiki tatu tu. Lakini zile wiki tatu sikukopa.

Kama hali ni ngumu kabisa, usione haya kumwendea imamu. Wenye madeni wametajwa kwa jina katika Tawba aya ya 60, miongoni mwa wanaostahiki zaka. Ni haki yako, usiipokee kama unaomba.

#11 karani_mstaafu

Nakubaliana, ila usikubali kutia sahihi karatasi yoyote ambayo hujaisoma au hujasomewa na mtu wako. Na daftari lako liwe na nakala nyumbani.

#12 Mvuvi_Mayungu

Samahani kwa kukaa kimya, ni siku kumi na moja. Nilianza daftari siku ile ile. Jana nilikwenda kwa tajiri na mzee wetu wa bandarini. Mwanzo alikasirika, akasema mimi nimefundishwa na watu. Mzee akamwambia, "Mwanangu huyu hajakataa kulipa, anataka kujua." Akanyamaza sana. Kisha akaita mwanawe alete kalamu.

Nyavu na boksi na unga wa miaka yote, amesema 94,000. Kwa nilivyokatwa mimi nadhani nimelipa zaidi ya hapo, na mzee pia anadhani hivyo, lakini sina maandishi ya kuonyesha. Tumekubaliana 40,000 iliyobaki, na kwamba siku mbili katika wiki naweza kuuza kwa nimtakaye. Imeandikwa, mashahidi wawili, na nakala iko kwangu.

Nilimpelekea mke wangu karatasi. Hajui kusoma sana. Aliniuliza namba ni ipi, nikamwonyesha, akaiweka kidole.

#13 Mwanamashua

Alhamdulillahi. Nitumie ujumbe ukianza zile siku mbili, nijue umepata bei gani.

Na kwa dada wa Langoni aliyeniuliza faraghani kuhusu bangili: moja nimeirudisha kaskazi iliyopita. Dhahabu imepanda sana, kwa hiyo ile 65,000 tuliyoandika haifiki hata kwa moja. Mke wangu alisema mstari ule ufutwe, tuandike "bangili mbili" bila bei. Basi daftari linasema imebaki moja.

Kesho kusi ikilegea nashusha mashua, kuna wageni wanne wa Takwa, na maji yatajaa saa tatu asubuhi.